Nilivyokatazwa Kuvuka Reli

Assalamu alaikum. Na wale wenzangu wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo nasubiri yangu. Haya, marahaba.

Mwenyekiti wetu wa kikundi hiki amenisumbua tangu mfungo uliopita. Kila tukikutana hapa uani Mtendeni ananivuta pembeni, dada, na wewe utasimama lini? Nilikuwa namkwepa. Mwezi uliopita mwenzetu alieleza habari ya pombe ya mumewe, na kabla yake mwingine alieleza alivyokaa na ugonjwa akiuficha. Mimi nikawa nasema moyoni, yangu hawa watanicheka. Lakini leo naona pale nyuma wamekaa mabinti na mpira wao wa netiboli, na nimesikia wiki ijayo wanaingia kambini. Basi nimesema nisimame, mnicheke tu. Majina sitataja. Wengine ni marehemu, wengine nasalimiana nao sokoni mpaka leo, na shirika lililoniajiri lilishakufa likazikwa.

Nilicheza netiboli. Najua mkiyaona magoti haya mnadhani natania. Nilikuwa mrefu, mwembamba, na nikisimama chini ya pete nikiachia mpira, watu walianza kushangilia kabla haujaingia. Ilikuwa ile miaka ya Ujamaa, mashirika ya umma yana timu zake, na meneja mwenye timu ya wanawake inayoshinda alitembea kifua mbele mjini Tabora. Ukijua kufunga, unaajiriwa. Karatasi yangu ya kazi ilisema karani wa majalada, lakini hayo majalada nilikuwa nayapitia tu nikienda mazoezini. Kazi yangu ilikuwa pete. Leo wanasema mchezaji wa kulipwa. Sisi tulisema tu, yule kaajiriwa na mpira.

Walipokuja kunichukua walikuja kama watu wa posa. Baba yangu alikuwa ameshafariki, mama ndiye aliyetulea kwa vitumbua alivyokaanga barazani. Wakaja wazee wa kamati ya timu, kanzu zimepigwa pasi, na sukari kwenye mfuko wa karatasi, na ninyi watoto wa juzi hamjui sukari wakati ule ilikuwa kitu gani. Wakakaa mkekani, wakaanza na mvua, wakaja kwenye unga, ndipo wakasema nyumba hii wameona ua. Mama akadhani kweli ninaposwa. Alipoelewa kwamba ni mpira alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Akasema mchukueni, lakini ndani ya sketi avae suruali, na kila Ijumaa aje kula kwangu. Wazee wakasema hilo halina neno.

Kambi ilikuwa kwenye nyumba za shirika, ng'ambo ya reli. Kila mtu na kitanda chake. Mchana wali, jioni maziwa. Mimi nilikuwa sijawahi kulala peke yangu kitandani, siku za kwanza nilikuwa najinyoosha usiku kwa kusudi, nione kama kweli hakuna mtu. Sitawadanganya, nilifurahi.

Sasa, mabinti, mnajua kamati ya ufundi ni nini? Naona mnacheka, basi mnajua. Kwa wale wasiojua, mwalimu wa timu anafundisha pasi na mbio, na kamati ya ufundi inashughulika na waganga. Mwenyekiti wa kamati yetu alikuwa mzee wa heshima, balozi wa nyumba kumi. Kwenye mikutano alikuwa anasimama anasema Uhuru na Kazi, anakemea ushirikina kwamba unarudisha taifa nyuma, na watu tunapiga makofi. Mkutano ukiisha anauliza chini chini kama mganga ameshashuka kwenye basi.

Siku moja asubuhi, saa za kazi, nikaitwa stoo ya majalada. Nikasema leo ndiyo leo, wamekumbuka kwamba mimi karani. Nikamkuta mwenyekiti na mzee mmoja mpole, amevaa koti la suti lililopauka, anakohoa. Yule mzee akaniangalia viganja, akaniangalia nyayo, akasema nyota ya timu iko kwa huyu. Akatoa kufuli dogo, lile la sanduku la bati, limezungushiwa kitambaa chekundu na kutiwa kwenye kamba. Wakageuka pembeni, nikajifunga mwenyewe kiunoni ndani ya kanga, nikaambiwa nilibane mpaka lilie. Likalia.

Kisha nikapewa masharti. Nisilivue mpaka msimu uishe. Nisimwambie mtu, hata mama. Na nisivuke reli peke yangu. Nikiwa na timu tunakwenda kucheza, sawa, lakini kwa miguu yangu, kwa shauri langu, hapana. Nikauliza ufunguo uko wapi.

"Ufunguo uko mahali salama, mwanangu," mwenyekiti akasema. "Wewe tufungie magoli."

Tukaanza kushinda. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo pabaya. Tungeshindwa, kufuli lingetupwa na mimi ningerudi nyumbani kula Ijumaa. Lakini tulikuwa tunashinda, na kila tukishinda wazee wananiangalia kiunoni. Mama nilimwambia kambi ina sheria kali, siruhusiwi kutoka. Hakulalamika. Akawa anakuja yeye kila Ijumaa na vitumbua kwenye sahani ya bati iliyofunikwa, tunakaa kwenye ngazi, ananichambua nywele na kuniambia habari za mtaa wetu wa Mtendeni.

Ikaja Idi. Nikasema Idi siwezi kukaa huku. Wenzangu wengi walikuwa wamelala, nikavuka. Nikafika nyumbani, mama anafurahi, pilau iko jikoni. Lakini sikutulia. Nilikuwa nakaa, nasimama, nachungulia nje. Kabla chakula hakijapakuliwa nikasema narudi. Mama akaniambia, "Kaa ule, mwanangu, pilau ni yako." Nikamjibu vibaya. Nilimwambia mimi sasa mfanyakazi, sina nafasi ya kungoja sufuria. Nikaondoka, na nyuma sikugeuka.

Mechi iliyofuata tulikwenda ugenini tukafungwa. Tena tulifungwa vibaya, na mlinzi wetu, dada mmoja aliyekuwa anamlea mtoto wake kwa kazi ile ile ya mpira, akaanguka akavunjika mkono. Kwenye treni ya kurudi alikuwa amekaa mbele yangu, mkono umefungwa kwenye mbao, halii, anauma kanga. Mwenyekiti akaja akaketi karibu yangu. Akaniuliza kwa upole kabisa, Idi ulikula wapi. Angenifokea ningemchukia, na chuki ingenisaidia. Hakufoka. Nikatazama ule mkono, nikaamini.

Na tangu siku ile mama hakuja tena.

Ijumaa ya kwanza nilikaa kwenye ngazi mpaka vivuli vikawa virefu. Ya pili nikakaa. Nikajua nimemuudhi kwa yale maneno ya pilau. Nikasema kama ni hivyo, basi, hata mimi nina hasira. Lakini haikuwa hasira, nilikuwa naumia, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwa sababu habari ya kumwambia mtu ilikuwa ndani ya masharti.

Ninyi mliowahi kufungiwa mtanielewa nikisema hivi: mlango wa kambi haukufungwa hata siku moja. Hakukuwa na askari wala senyenge. Kulikuwa na njia ya miguu inatoka nyuma ya jiko, inapita kwenye nyasi, inafika relini, inavuka, inaendelea mpaka mjini. Wanawake walikuwa wanapita hapo na kuni kichwani, mbuzi wanapita, watoto wa shule wanapita wanarukia mataruma. Mimi nilikuwa nafika mpaka kwenye kokoto. Nasimama. Nasikia adhana ya upande wa kwetu, najua kabisa saa hiyo mama anamwagia maji mkaa. Treni ya Kigoma inapita, ya Mwanza inapita, watu wanapunga mikono, na mimi ningevuka kwa hatua chache tu nisiweze. Miguu ilikuwa inaganda. Mtu mzima, mwenye nguvu za kuruka juu kuliko walinzi wote wa mkoa huu, nasimama pale nageuka narudi jikoni kuomba chai.

Na wenzangu walinipenda, hilo ndilo lililonibana zaidi. Walijua nimebeba kitu, ingawa hawakuuliza. Nikienda msalani mmoja anasema twende wote. Nikikohoa, wananiletea asali. Nikipiga hatua kuelekea ile njia ya nyuma, yule dada wa mkono ananiita kwa upole, shoga, unakwenda wapi? Kila mmoja ana kitanda chake, ana mtoto wake au mzazi wake kijijini, na vyote hivyo vinakaa juu ya kiuno changu. Nitavukaje?

Nilikuwa najiambia ngoja msimu uishe. Lakini msimu haukuisha. Ligi ikiisha linakuja kombe, kombe likiisha yanakuja mashindano ya mashirika, hayo yakiisha kuna Saba Saba, na mgeni wa heshima anataka kuona timu. Kamati ikawa inasema bado kidogo. Kuna mtu alikuwa ananitaka, kijana mzuri tu, fundi wa saa. Alingoja, akachoka, akaoa mtaa wa Ipuli. Nilisikia ngoma ya harusi yake nikiwa nafua jezi.

Nikamwendea mwalimu wa timu. Yeye alikuwa mtu wa filimbi na mbio, mambo ya kufuli hakuyapenda. Nilizunguka maneno kwa sababu ya masharti, nikamwambia tu kwamba nimechoka, nataka kwenda nyumbani siku moja. Akauzungusha mpira kwenye vidole.

"Mimi nafundisha pasi," akasema mwisho. "Ushindi wanafundisha wao. Vumilia, mwanangu."

Nikavumilia. Nikawa kama mtu anayelala macho wazi. Uwanjani nafunga, watu wanaimba jina langu, redio inanitaja, nikitoka uwanjani nakaa kitandani natazama ukuta. Kile kitanda nilichokuwa najinyoosha kwa furaha nikawa nakiona kama meza ya karani, mimi ndiye jalada, nimewekwa.

Sasa kuna mama mmoja ambaye lazima nimsimulie. Mama wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa karibu na kwetu, amezaliwa Tabora hii hii kama mimi. Kila asubuhi alikuwa ananunua vitumbua kwa mama. Tulikuwa tumebakiza siku chache kucheza fainali ya mkoa, na timu za nje zimeshaanza kufika, ndipo nikamwona amesimama kando ya kiwanja na mwavuli wake, kwenye jua. Nikamkimbilia. Akanishika mkono, akaniambia bila kuzunguka.

"Mama yako ameanguka. Mkono mmoja na mguu havifanyi kazi. Anakula, anasema, lakini baraza imefungwa."

Nikamuuliza kama mama ameniita. Akanitazama kwa mshangao.

"Hajakuita," akasema. "Kila siku anauliza msimu unaisha lini."

Nikaona giza. Mama mgonjwa, na hataki kuniona, anachouliza ni habari ya mpira. Nilidhani ananisema: muulizeni huyo mfanyakazi, kazi zake zinaisha lini. Nikaenda kwa mwenyekiti nalia. Akanipa leso yake mwenyewe. Akasema pole sana, fainali ikiisha tu utakwenda, tena tutakusindikiza. Akaniambia nikivuka sasa, na mama hali ile, nani ajuaye nitampelekea nini huko. Sikilizeni hapo. Alinifanya nimwogopee mama yangu kwa ajili ya mguu wangu mwenyewe. Nikarudi kitandani.

Timu tuliyokuwa tukutane nayo ilitoka upande wa Nzega, na kwa kuwa sisi ndio wenyeji walilazwa kambini kwetu. Jioni ya kabla ya fainali, jua bado liko juu, nikaenda kuoga baada ya mazoezi. Bafu letu lilikuwa la mabati, refu, tunaoga watu kadhaa. Nikamkuta mfungaji wao peke yake, msichana mfupi, mabega mapana, ambaye magazeti yalisema ndiye atakayeniweza. Tukasalimiana. Akaniambia mwadila, ile salamu ya jioni ya Kinyamwezi, nami nikaitikia, maana kwa bibi yangu walisalimiana hivyo. Akajimwagia maji, kanga ikashuka.

Kamba. Kitambaa chekundu. Kufuli dogo la sanduku la bati.

Nadhani macho yalinitoka. Yeye naye akafuata macho yangu, kisha yake yakaja mpaka kiunoni kwangu, kanga yangu imelowa na kufuli limejichora. Tulitazamana, maji yanachuruzika.

"Na wewe?" akaniuliza.

Nikamwuliza aliyemfunga ni nani. Akasema mzee mmoja mpole, ana koti la suti limepauka, anakohoa. Nikakaa kwenye jiwe la kufulia. Akakaa na yeye. Akanieleza masharti yake. Mimi nimekatazwa reli, yeye amekatazwa njia panda, na kwao kuko upande wa pili wa njia panda. Amekaa kambini hata kaka yake ameoa hakwenda. Na yeye aliambiwa ndiye nyota.

Nikamwambia, "Basi kesho nyota mmoja anafungwa."

"Na yule mzee ameshakula sukari ya wote wawili," akasema.

Tulianza kucheka. Tulicheka tukashikana, mtu akagonga bati nje akauliza kuna nini humo. Kisha yeye akalia, na mimi nikalia, kwa sababu uongo ukishauona unakumbuka ulivyoulisha, Ijumaa zile zote. Alikuwa na wembe wa kukatia kucha. Akaikata kamba yangu, nikaikata yake. Tukazungukia chooni, tukayatumbukiza makufuli pamoja, yakafika chini na mlio wake. Akanisalimia tena kwa mkono, kama watu wanaoanza kujuana, tukaachana.

Msidhani kwamba nilitoka pale nimekuwa simba. Kesho yake niliingia uwanjani naogopa. Kiuno kilikuwa chepesi, najihisi kama nimesahau kuvaa. Robo ya kwanza nilikosa magoli ambayo hata mwenyekiti wetu hapa angefunga, samahani mwenyekiti. Yeye naye kule upande wa pili alikuwa anakosa. Watu wakaanza kuguna. Robo ya tatu tukatazamana kutoka pete hadi pete, akanikonyeza, nikacheka, na mkono wangu ukarudi. Wake ukarudi pia. Baada ya hapo watu waliona netiboli. Sijawahi kucheza vile kabla wala baada, kwa sababu tulikuwa tunacheza wawili ambao hatukuwa na kitu ila mikono. Mwisho sisi tukashinda, kwa goli langu la mwisho kabisa.

Mnapiga makofi. Ngojeni. Nilikuwa nimeomba tushindwe.

Maana jioni ile ile kwenye bwalo, wali umepakuliwa, mwenyekiti akasimama, Uhuru na Kazi, akasifu nidhamu ya timu. Kisha akanijia pale nilipokaa, akainama sikioni. Akasema kazi ya yule mzee umeiona. Sasa tunakwenda Dar es Salaam kwenye taifa, kambi inaendelea, wewe kaa hivyo hivyo. Nikamwambia mama yangu mgonjwa, uliniahidi.

"Tutampelekea sukari tena," akasema.

Lile neno tena likanikaa. Nikamuuliza, tena? Tangu ile ya kunichukua, mlimpelekea lini? Akanyoosha kofia yake. Na hapo, ndugu zangu, kitu kikakatika ndani yangu ambacho wembe haukukifikia. Nikasimama. Nilikuwa sijawahi kusema mbele za watu, na sauti ilitoka nyembamba.

"Kufuli liko chooni tangu jana," nikasema. "Tumeshinda bila kufuli. Na mfungaji wao alikuwa na lake, kutoka kwa mganga yule yule."

Vijiko vyote bwaloni vikasimama. Mwenyekiti akashika kichwa, akasema umetuua, mtoto, umetuua. Mmoja wa wazee akasema nishikwe nifungwe jingine kabla sijatoka. Mwalimu alikuwa anatazama sahani yake. Aliyesimama ni yule dada mlinzi, na mkono wake ambao haukunyooka tena sawasawa.

"Mzee, mimi nilikuwa uwanjani," akasema. "Mkono huu, niliteleza kwenye tope. Mwache aende kwa mama yake."

Akanifungulia njia kwa bega lile lile la ulinzi, nikatoka.

Nikafika relini jua linaelekea kushuka. Na niwaambie ukweli, nikaganda. Najua kila kitu, nimeona kila kitu, na miguu ikaganda kwenye kokoto zile zile. Nikaona haya. Kuna mama mmoja alikuwa anavuka na gunia la mkaa, akaniuliza, vipi binti, unangoja treni? Hakuna treni saa hii. Nikamwambia hapana, naja. Nikamfuata nyuma nikitazama visigino vyake tu. Nilipoinua macho tulikuwa ng'ambo, na yeye ameshakunja kona.

Nikakimbia mpaka nyumbani. Baraza baridi, karai limefunikwa. Mama alikuwa ndani amelala kwenye kitanda cha kamba, mdomo umevutwa upande mmoja kidogo. Nikasema hodi, mama, ni mimi. Alipogeuka akaniona, alijivuta kwa ule mkono mzima akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Usinisogelee," akasema. "Msimu umekwisha?"

Nikasimama pale mlangoni, nikajua basi, mama amenikataa. Nikamwambia mama, nisamehe ile pilau. Akauliza tena, msimu umekwisha? Nikasema umekwisha. Akaniambia niape. Nikaapa. Ndipo akaanza kulia, na kwa mkono ule mmoja akawa anahangaika na pindo la kanga yake, lina fundo, haliwezi.

"Nifungulie hapa," akasema.

Nikapiga magoti nikalifungua. Ndani kulikuwa na ufunguo. Mdogo, wa sanduku la bati, umeshika kutu mpaka kanga imeingia doa jekundu. Kumbe baada ya ile Idi wazee wa kamati walimwendea. Sukari mkononi, maneno matamu. Wakamwambia ufunguo wa mwanao ukae kwa aliyemzaa, na ufunguo na kufuli visikutane mpaka msimu uishe. Ukivuka reli kumfuata, ukimgusa, atavunjika mguu uwanjani. Na usimwambie. Mama yangu, ambaye hakuniogopa hata nilipokuwa na surua, aliogopa kunigusa. Alikuwa anakuja Ijumaa na sahani yake mpaka relini, upande huu, anasikiliza. Makelele ya mazoezini yakipanda anasema hilo ni goli la mwanangu, kisha anagawa vitumbua kwa wapita njia na kurudi. Mimi mazoezi yakiisha niko kwenye ngazi nalia kwamba amenisusa.

Akaniambia, "Lete nikufungue."

"Kufuli halipo, mama."

"Liko wapi?"

Nikamwambia chooni. Akanitazama. Kisha mama akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki, akacheka mpaka kitanda kikalia, akanivuta kichwa kifuani. Na harufu ya kanga yake ilikuwa ile ile, mafuta na hiliki.

Sitasema baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri. Kile kitanda cha kambi nilinyang'anywa, nikahamishiwa kazi kweli kwenye majalada, na vumbi lake nalijua mpaka leo. Timu ilikwenda Dar es Salaam bila mimi ikafungwa, na wengine walinilaumu, hata leo yupo anayenilaumu. Lakini msimu uliofuata mwalimu alinijia mwenyewe mpaka barazani, akaniomba radhi mbele ya mama. Nikarudi kucheza. Masharti nilitoa mimi: nalala kwangu, asubuhi nakaanga vitumbua, mchana navuka, jioni navuka. Tukawa tunashinda, tunafungwa, kama timu za watu wengine. Mama aliishi miaka mingi, na akipata wa kumbeba kwenye baiskeli alikuja kuniangalia.

Kwa hiyo nashukuru. Namshukuru Mungu kwanza. Namshukuru yule mama wa duka, aliyesimama juani na mwavuli, na ambaye wakati nahangaika alimlisha mama yangu kutoka jikoni kwake. Namshukuru dada wa ule mkono. Namshukuru yule wa Nzega, ambaye nilimpelekea salamu aulize kwao ufunguo uko wapi, akaukuta kwa bibi yake ndani ya chungu cha dawa, bibi naye alikuwa anangoja msimu. Mpaka leo tukikutana tunasalimiana kwa kugusana kiuno.

Ufunguo wenyewe ndio huu. Pitisheni muuone, haumdhuru mtu.

Mabinti, ninyi mkienda kambini chezeni kwa nguvu zote, pete haina dhambi. Lakini mkiambiwa jambo ambalo sharti lake la kwanza ni kutowaambia mama zenu, jueni hapo pana shida, rudini mseme. Hayo ni yenu. Nililokuja kusema hasa ni kwetu sisi wenye watoto. Mwanao akinyamaza, akikujibu vibaya, akiacha pilau yako sufuriani akaondoka, usikae na fundo kwenye kanga ukimngoja amalize msimu. Mama yangu alinipenda kuliko macho yake, na kwa mapenzi hayo hayo alisimama upande huu, mimi nimesimama upande ule, reli katikati haina hata treni. Vuka, mama. Vuka wewe.